Naomba ushauri: mvua za radi na maji yanayoingia ndani kwa dakika chache

Ndugu zangu, ninaomba ushauri kwa wenye ujuzi wa mifereji na ujenzi. Nyumba ninayoishi iko chini kidogo ya usawa wa barabara ya lami, na kila inaponyesha mvua kubwa ya radi, hata isiyodumu saa nzima, maji hujaa uani kwa dakika chache kisha huingia ndani, ilhali mvua ya rasharasha ya kutwa nzima haituletei shida yoyote. Sababu ninaielewa kwa kiasi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, hivyo milimita 50 juu ya paa na ua wa zege wenye jumla ya mita za mraba 200 ni lita 10,000, zisizo na udongo wa kuzinywa.

Je, nibomoe sehemu ya zege na kuweka changarawe ili maji yapenye, au niinue kizingiti cha mlango, ambacho nahofia kitayasukuma maji kwa jirani? Vilevile maji machafu hupanda kupitia choo, jambo linalonitia wasiwasi kuliko matope. Vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma hufanya kazi kweli bomba kuu linapoelemewa, na ifungwe sehemu gani? Mafundi niliowauliza wanapingana. Aliyewahi kuitumia anieleze pia namna ya kuisafisha, kwani takataka ndogo inaweza kuizuia isifunge. Soketi za chini nitazihamishia juu kwa vyovyote vile.