Naomba ushauri: sadaka ya siri na harambee yetu

Habarini wapendwa. Mimi ni Mkenya, mume wangu ni Myahudi, tunaishi Chicago. Kila Ijumaa, kabla mishumaa ya Sabato haijawashwa, wakwe zangu humpa binti yetu wa miaka 8 sarafu atie kwenye kisanduku cha tzedaka, yaani sadaka ya Kiyahudi. Babu yake amemfundisha ngazi za kutoa sadaka za Maimonides, mwanazuoni wa Kiyahudi wa kale: bora mtoaji na mpokeaji wasijuane, na bora zaidi kumwezesha mtu ajitegemee. Juzi kwenye harambee ya msiba majina na viwango vikasomwa. Mtoto akauliza mbona tunajitangaza! Nilimjibu ni desturi, hakuridhika (ubishi karithi kwa babu).

Nimweleze vipi bila kumpinga mkwe? Na nikimwomba mweka hazina asisome jina letu, tutaonekana hatukutoa?