Naomba ushauri: TSH (kipimo cha tezi ya shingo) ya mama (miaka 78) imekuja 6.1 na alama ya H, aanze dawa?

Binti Uluguru:
Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 78, tuko Morogoro. Amekuwa analalamika mwili kuchoka na kusikia baridi, akaandikiwa vipimo vya tezi ya shingo. Karatasi inasomeka hivi: TSH, ile homoni inayoiamuru tezi ifanye kazi, 6.1, pembeni H (yaani iko juu), kiwango cha kawaida 0.4 – 4.0. FT4, homoni ya tezi yenyewe iliyo huru kwenye damu, ni 14.8, na hapo kiwango ni 12 – 22. Zahanati wamemwandikia levothairoksini (dawa ya kuongeza homoni ya tezi) ya mikrogramu 100, wakasema atameza maisha yake yote. Mama ana presha, na kuna wakati moyo unamwenda mbio.

Kinachonitatiza ni kwamba mimi nina miaka 38, nilipima mwaka jana, na karatasi yangu ina 0.4 – 4.0 hiyo hiyo. Kweli mtu wa umri wangu na bibi wa miaka 78 tunapimwa kwa mizani moja? Naogopa kumpa dawa, na kumnyima pia naogopa.

Mpingo:
Mpe tu dada. Shangazi yangu alikuwa anasinzia mchana kutwa, alipoanza hizo dawa akarudi shambani.

Mtu wa Maabara:
Mpingo, shangazi yako TSH ilikuwa ngapi? Kuna mtu anakuja na 40 na FT4 iko chini kabisa, yaani tezi imeshindwa kazi, huyo lazima atibiwe. Mama wa dada hapa si huyo.

Binti Uluguru, umefanya vyema kuuliza kwanza. Kiwango kile kinapatikana kwa kupima watu wazima wengi wenye afya, halafu wanaondolewa asilimia 2.5 wa chini na asilimia 2.5 wa juu. Mashine inalinganisha namba na hicho tu. Damu iwe ya msichana au ya bibi, ikizidi 4.0 inatoa H.

Sasa TSH hupanda kidogo kidogo kadiri umri unavyokwenda, hata kwa mtu ambaye tezi yake haina shida. Wamarekani walichambua damu za watu wasio na ugonjwa wa tezi kwenye uchunguzi wao wa kitaifa wa NHANES III. Wenye miaka 20 hadi 29, kikomo cha juu kilikuwa kama 3.6. Wenye 70 hadi 79 kilifika 5.9 hivi, na waliofika 80 kilikaribia 7.5. Kwa hiyo 6.1 ya mama iko mpakani mwa rika lake, na FT4 yake iko sawa.

Nesi Mstaafu:
Naongezea kwa uchungu kidogo, maana nimewaona wazee wakiumizwa na dozi. Mikrogramu 100 kwa kuanzia ni nyingi kwa mzee wa presha ambaye moyo unamsumbua. Wa namna hiyo, hata akihitaji dawa kweli, huanzishwa na 25 au pungufu. Dawa ikizidi, mapigo ya moyo yanavurugika na mifupa inadhoofika. Mwaka 2017 yalitoka majibu ya utafiti wa TRUST huko Ulaya, wazee wa miaka 65 na kuendelea wenye TSH iliyopanda kidogo kama ya mama yako: waliomeza dawa hawakupata nafuu ya uchovu kuwazidi waliomeza vidonge visivyo na dawa.

Mrudishe kwa daktari, ikiwezekana bingwa wa magonjwa ya ndani. Omba TSH na FT4 virudiwe baada ya miezi miwili au mitatu, na kingamwili za TPO (zile zinazoishambulia tezi). Uchovu na baridi pia vinaweza kuwa upungufu wa damu, basi apimwe na wingi wa damu. Kama anameza vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, asitishe siku mbili kabla, vinapotosha majibu.

Binti Uluguru:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Kesho nampigia daktari kabla hajameza chochote. Na jinsia je, wanawake tuna kiwango chetu?

Mtu wa Maabara:
Tofauti ni ndogo, maabara nyingi zinatumia kiwango kimoja kwa wote. Wanawake wanaugua tezi mara nyingi kuliko wanaume, hilo ni jambo jingine. Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni hupandisha T4 ya jumla (iliyoshikwa na protini pamoja na iliyo huru), ndiyo maana tunapima FT4, ile iliyo huru tu. Mimba ndiyo inayobadilisha mambo: miezi mitatu ya kwanza homoni ya mimba huisukuma tezi na TSH hushuka, kwa hiyo 0.2 kwa mjamzito si lazima iwe ugonjwa.

Mama Pacha:
Na mtoto mchanga? Wa dada yangu alipimwa siku aliyozaliwa, TSH 38, tumechanganyikiwa.

Mtu wa Maabara:
Nusu saa baada ya kuzaliwa TSH ya mtoto huruka, inaweza kupita 60, kisha inashuka ndani ya siku chache. Ndiyo maana damu ya kisigino huchukuliwa kuanzia siku ya pili au ya tatu. Mrudisheni wiki hii apimwe pamoja na FT4, msicheleweshe, maana mtoto aliyezaliwa na tezi isiyofanya kazi akichelewa kutibiwa ubongo unaathirika.