Nyanya zangu za kwenye ndoo zinanyauka na udongo umelowa, naombeni ushauri

Mpangaji wa Juu: Wakuu, habari za jioni. Nina ndoo 8 za lita 20 kwenye kibaraza, ghorofa ya pili, hapa Dar. Nilihamishia miche ya nyanya wiki 6 zilizopita. Majani ya chini yamegeuka njano, mchana mmea mzima unalegea. Namwagilia asubuhi na jioni, nimeweka samadi, nimepulizia dawa ya ukungu. Sasa udongo unanuka yai viza. Miche mingine 20 nimeshailipia, inakuja Jumamosi. Huu ni ugonjwa gani?

Mbegu Bora: Shida mbegu hiyo. Ulinunua chotara au ya kienyeji?

Shangazi wa Lushoto: Pole mwanangu. Kwetu nyanya tunazipandisha kwenye tuta. Kuna masika moja mvua ilikaa mpaka za bondeni zote zikaoza, za kwenye matuta tukavuna mpaka tukagawa. Mwaka ule ndio niliomlipia kifungua mimba wangu ada.

Fundi Bomba: Ndoo zina matundu mangapi?

Mpangaji wa Juu: Mkuu, chini nimeweka kokoto sentimita 5. Maji ya ziada yanakaa humo.

Fundi Bomba: Kokoto sijauliza. Matundu?

Mpangaji wa Juu: Hazina. Nisikilizeni kwanza. Jirani wa chini anaanika nguo usawa wa kibaraza changu. Nilitoboa moja, tope likadondokea shuka zake nyeupe, akanishtaki kwa mwenye nyumba. Nimeambiwa likidondoka tone jingine niondoe ndoo zote. Miche ikija nitaongeza kokoto zifike nusu ndoo, naamini itatosha.

Binti Sultani: Na hujashuka kumwomba radhi? Shuka za mtu, kaka! Anza na hilo, nyanya baadaye.

Fundi Bomba: Kokoto nusu ndoo utaua haraka zaidi. Maji hayashuki kirahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wenyewe ushibe kabisa. Chukua sponji ya vyombo, iloweshe, ilaze. Ikiacha kudondosha, isimamishe wima: maji yatatoka tena. Udongo uko hivyo hivyo, ukiwa na kina kifupi unabaki umelowa mpaka juu. Mizizi inahitaji hewa. Ikikosa inaoza, na mizizi iliyooza hainyonyi maji. Ndiyo maana mmea unalegea huku umesimama kwenye maji.

Kitasa: Wakuu, hii chai. Masika yote haya mtu anamwagilia mara mbili kwa siku? Na ndoo bila tundu nyanya ifike wiki 6? Bila picha mimi simo.

Mbegu Bora: Hata mimi nilishtuka. Mbegu hajataja mpaka sasa.

Mpangaji wa Juu: Sijaja kudanganya mtu. Mvua haifiki, kibaraza kina paa. Mwanzoni miche ilikuwa midogo nikamwagilia kikombe kimoja. Ilipoanza kulegea nikadhani ni kiu, nikaongeza. Kila ikilegea naongeza. Picha hizo hapo, nimeng'oa miwili sasa hivi.

Fundi Bomba: Acha kumwagilia. Toboa matundu 6 hadi 8 ya kidole kidogo chini, toa kokoto, kila ndoo ikae kwenye beseni juu ya vipande viwili vya tofali. Beseni likijaa, mwaga chooni, lisikae na maji. Huo udongo ni mfinyanzi: changanya sehemu 2 zake, 1 ya samadi iliyooza vizuri, 1 ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Usiongeze mchanga kidogo kidogo, utapata tofali. Mwagilia pale tu kidole kikizama mpaka kiungo cha pili bila kukuta unyevu.

Mpangaji wa Juu: Beseni 8 ni hela. Na miche 20 je?

Fundi Bomba: Pokea 8, iliyobaki mpe jirani wa chini na beseni lake.

Binti Sultani: Na sabuni.

Kitasa: Picha nimezikuza. Mizizi ya kahawia ile inavuliwa ganda kama soksi, hiyo mtu hawezi kuigiza. Nimekosea, mkuu. Mche wa kulia usiutupe, juu karibu na shina naona mizizi myeupe.