Tufaha zuri kwa nje, ndani kama kioo: ni kuvu?

Mkulima_Kabale: Wakulima wenzangu, habari zenu. Nina miti ya matufaha aina ya Anna kwenye mteremko juu ya Ziwa Bunyonyi. Msimu huu nikipasua tufaha, nyama ya karibu na mbegu inapitisha mwanga kama kioo, na ukibonyeza, maji yanachuruzika. Ngozi haina doa. Mnunuzi wa Mbarara amekataa mzigo wote, eti yameoza, na ladha yake ni tamu ajabu! Nipulize dawa gani?

Mama_Rubanda: Kaka, tafadhali usipulize dawa ya kuvu, utapoteza pesa bure. Hapo hakuna kijidudu. Majani ya mtufaha hutengeneza sukari iitwayo sobitoli, nayo husafiri hadi kwenye tunda, ambako seli huipokea na kuigeuza fruktosi, sukari ya matunda. Tunda likipitiliza kukomaa, seli hushindwa kuipokea. Sobitoli inabaki nje, kwenye vijinafasi vya hewa kati ya seli, na inavuta maji kama chumvi inavyovuta maji ya kabichi iliyokatwa. Hewa inatoka, maji yanakaa mahali pake. Ndiyo kioo chako hicho, na utaona kinaanzia kwenye mishipa ya tunda.

Tia machache kwenye ndoo ya maji. Tufaha zima huelea vizuri kwa sababu lina hewa nyingi ndani; lililojaa maji huzama zaidi.

Sasa niambie: ulipong'oa majani ili miti ichanue, matunda yalishika mengi au machache? Mti wenye majani tele na matunda machache huyajaza sukari kupita kiasi. Upungufu wa madini ya kalisi (kalsiamu) nao huchangia, na usiku wa baridi kama huu wetu.

Kijana_Mbale: Yakiwekwa stoo je?

Mama_Rubanda: Yenye kioo kidogo hupona yenyewe, maji hurudi taratibu. Yaliyojaa sana usiyaweke: hewa haipiti, yanaanza kunuka pombe, kisha nyama inageuka kahawia. Hayo uza leo leo au kamua juisi. Na huyo mnunuzi mwambie Japani wanayatafuta matufaha aina ya Fuji yenye kioo hicho hicho kwa utamu wake.

Mkulima_Kabale: Asante sana, mama. Yalishika machache kweli, mvua ya mawe iliangusha maua. Ya mteremko wa juu bado yana ukijani, nayachuma kesho asubuhi.

Mama_Rubanda: Pasua mawili matatu ya kila mti kwanza.