Bel Air ya 1955, 1956 au 1957: ipi ninunue?

Mkwajuni
Wakuu, salaam. Niko Ohio, na nimeweka akiba miaka minne nipate Chevrolet Bel Air ya milango miwili. Nimezikuta tatu zinauzwa, moja ya kila mwaka, zote V8 (injini ya silinda nane) na gia ya Powerglide, yaani otomatiki ya Chevrolet. Ya 1957 bei imepanda kuliko wenzake. Moyo uko hapo kwa sababu ya yale mapezi ya nyuma, lakini sitaki kulipia mapezi tu. Chini ya bodi zinatofautiana nini?

FundiSpana
Mkuu, hizo ni ndugu wa tumbo moja. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 115 kwa zote tatu. Kazi kubwa ilifanyika 1955. Kabla ya hapo Chevrolet ilikaa zaidi ya miaka 30 bila V8: silinda sita, umeme wa volti 6, propela shafti imefungiwa ndani ya bomba. Ed Cole, mhandisi mkuu wa Chevrolet, na wenzake wakaleta V8 nyepesi ya lita 4.3, nguvu za farasi 162, au 180 ikiwa na kabureta ya matundu manne na ekzosi mbili. Umeme ukawa volti 12, mbele zikaingia boljointi (viungo vya mpira vya magurudumu ya mbele), propela ikawa wazi. Ukoo wa injini hiyo uliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi, ndiyo maana spea hazikusumbui mpaka leo.

Angalia kitu kimoja: V8 ya 1955 ilitoka kiwandani bila filta ya oili ndani ya injini. Filta ilikuwa ya kuongezea. Funua boneti uhakikishe.

Zumaridi
Mimi ni wa 1955 na sitahama. Tazama ile showi (wavu wa mbele) ya vijidirisha, waliiga Ferrari. Ubavu msafi, nikeli kidogo. Mwaka 1956 wakaitandaza showi upana wote wa gari, ule utulivu wa uso ukapotea.

Kipepeo56
Dada Zumaridi, 1956 mnaionea. Filta ya oili imo tayari kwenye V8. Na kifuniko cha tangi la mafuta kimejificha nyuma ya taa ya kushoto: unaifungua taa yenyewe, unajaza, unaifunga. Mtu asiyejua atazunguka gari zima.

FundiSpana
Ya 1957 nayo ina lake. Ilikuja na injini ya lita 4.6, na aliyetaka zaidi alipata ya kupulizia mafuta, farasi 283. Hizo ni chache, na bei yake ni nyingine kabisa. Rimu zilishuka kutoka inchi 15 hadi 14, gari likaonekana limelala chini. Matundu ya hewa yalihamia juu ya taa za mbele. Ajabu ni kwamba katika uzalishaji wa modeli za 1957 Ford iliipita Chevrolet. Mapenzi haya ya mapezi yalikua baadaye.

Mkwajuni, mwaka wowote utakaochukua, breki ni dramu magurudumu yote, na masta silinda (pampu kuu ya breki) ina njia moja. Ikivuja, pedali inazama na breki zote zimekwenda. Usiendeshe kabla hujaifungua.

Mkwajuni
Jumamosi nimezikagua zote. Ya 1957 inang'aa, ila nilipoinua zulia nikakuta sakafu imeoza upande wa dereva, na bati limefunikwa kwa rangi mpya. Ya 1956 injini si yake. Ya 1955 imepauka rangi, lakini chesesi ni nzima, injini ni ileile iliyotoka nayo, na mwenyewe wa zamani alifunga filta. Nimelipa arbuni. Italetwa kwa lori, na masta silinda mpya ya njia mbili nimeshaagiza.

Zumaridi
Hongera sana! Rangi gani?

Mkwajuni
Buluu ya anga, paa jeupe.