Makaburi ya zamani Jinja: wanataka kusugua kwa jiki, nifanyeje?

MamaWalukuba:
Habarini wandugu. Kanisani kwetu hapa Jinja kuna makaburi ya tangu enzi za mkoloni, mengine mawe yake ni marumaru mengine simenti tu, sasa kamati imeamua yasafishwe kabla ya Pasaka na vijana wameshanunua jiki na brashi za waya. Mimi roho inasita. Kuna jiwe moja herufi zake ni za risasi, ile madini, nyingi zimeshadondoka na jiwe limeingia weusi, wakianza kusugua si hata zilizobaki zitakwenda? Na jina lenyewe tutalisomaje, daftari la mazishi la miaka ile halionekani na wazee waliojua wameshakufa. Nisaidieni jamani, Jumamosi wanaanza.

Fundi_Entebbe:
Dada wazuie. Mimi kazi yangu ni mawe ya makaburi. Jiki inanywewa na jiwe, ikikauka inaacha chumvi ndani, na hiyo chumvi kila jiwe likilowa na kukauka inaganda upya na kusukuma, mwisho uso unamenyeka unga unga, na nyie huko ziwani mvua na jua ni zamu kwa zamu. Brashi ya waya inakwangua halafu vipande vyake vinashika kutu, unapata madoa ya kahawia yasiyotoka. Asidi ya choo ndo usiseme, marumaru inachemka povu unaiona kwa macho. Chukua maji safi na brashi laini ya plastiki, lowesha jiwe kwanza, sugua polepole kuanzia chini kupanda juu ili maji machafu yasiache michirizi, ukungu wa kwenye herufi utoe na kijiti. Likibaki na madoa liache hivyo hivyo. Jiwe linalomenyeka usiliguse hata kwa maji.

Kijana_wa_Bombo:
Kuhusu lile la risasi mama, usikate tamaa. Mafundi wa zamani walikuwa wanatoboa vitundu kwenye marumaru halafu risasi inapigwa iingie humo ishike, kwa hiyo herufi ikidondoka vitundu vinabaki. Herufi I utakuta vimesimama mstari mmoja, O vimezunguka. Nenda giza likianza, mtu ashike tochi pembeni kabisa ya jiwe mwanga uparaze uso wake, wewe piga picha, kisha ahamie upande mwingine upige tena. Mchana tumia kioo kurudisha jua. Chaki na unga msipake. Na picha zipigwe KABLA ya kusafisha, kila jiwe, pamoja na mahali lilipo.

Mzee_Masindi:
Naongeza wanangu. Nyufa msizibe kwa simenti, nimeona kwingine wamefanya hivyo, simenti inakuwa ngumu kuliko jiwe, unyevu unakosa pa kutokea na jiwe linapasuka pembeni ya kiraka. Chokaa na mchanga ndo dawa. Huku kwetu Nyabyeya kuna makaburi ya wakimbizi wa Poland wa wakati wa vita vya pili. Wamisionari wa zamani akina Askofu Hannington na Mackay, waliozikwa kule kanisa kuu la Namirembe Kampala, hata mawe yakifutika vitabu vinawataja, ila mkimbizi aliyefia hapa, ama huyo wenu wa Jinja, jiwe ndo limebaki peke yake kumtaja.

MamaWalukuba:
Asante sana mzee, asanteni wote. Nimeongea na mwenyekiti, brashi za waya zinarudishwa dukani, Jumamosi tunapiga picha tu. Kuna moja limeandikwa K.A.R. 1943, hilo nalo tusafishe?

Kijana_wa_Bombo:
Hilo liacheni kwanza mama. K.A.R. ni King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Kiafrika huku Afrika Mashariki, na askari waliokufa kazini kati ya Septemba 1939 na Desemba 1947 makaburi yao yako chini ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, hata yakiwa kwenye uwanja wa kanisa. Wana orodha ya majina kwenye mtandao, tafuta kwa jina au namba ya jeshi, asipokuwemo waandikie na utume picha. Waafrika wengi waliofia vita vya kwanza huku kwetu hawakuandikwa majina, tume yenyewe ilikiri kwenye ripoti yake ya 2021, kwa hiyo ukipata jina lolote la askari lililosomeka tuma, usingoje.