Mtoto anataka kucheza halingi

Mama wa Yonkers:
Habari za jioni ndugu zangu. Kijana wangu wa darasa la sita amekuja na gongo la mbao, anasema wenzake wa Woodlawn, mtaa wa Waayalandi kule Bronx, wanacheza halingi, ule mchezo wa Kiayalandi wa kupiga mpira mdogo kwa gongo, na yeye anataka kujiunga. Nimetazama video, moyo ukanienda mbio. Si hatari? Na Waayalandi si watamwona mgeni? Mwenye uzoefu anisaidie kabla sijakataa.

Mzee wa Bronx:
Dada, hatari ipo, ila kofia ngumu yenye wavu usoni ni lazima kwa kila mchezaji tangu 2010. Akienda bila kofia, arudishwe nyumbani.

Kuhusu ugeni: mchezo huu hapa New York ni wa wageni tangu mwanzo. Chama chao cha michezo, GAA, kilianzishwa Thurles, Ayalandi, mwaka 1884. Mwaka 1888 kikaleta Marekani msafara wa wanariadha na wachezaji wapatao 50, wacheze maonyesho na kuchangisha fedha. Fedha hazikuonekana, ikabidi Michael Davitt, mwanasiasa wa Ayalandi, awakopeshe ili warudi kwao, na wengi wakabaki hukuhuku. Sisi tunaojua timu zinazosafiri kamili na kurudi pungufu hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Uwanja wao, Gaelic Park, uko Broadway na barabara ya 240. Waayalandi wa hapa waliununua 1926, wakafilisika, jiji likauchukua. Kuanzia miaka ya 1940 John O'Donnell, mtu wa Kerry kule Ayalandi, aliukodi kwa miongo mingi, na 1991 ukodishaji ukaenda kwa chuo cha Manhattan. Jumapili ilikuwa mechi, kisha baa na dansi, na aliyeshuka juzi kutoka Ayalandi alitoka pale na jina la msimamizi wa mjengo wa kumwona Jumatatu. Sisi kazi hiyo tunaifanya misibani na kwenye harusi.

Mama wa Yonkers:
Asante kaka. Lakini hayo ni ya wao kwa wao. Wangu je?

Kijana wa Milwaukee:
Shikamoo mama. Klabu ya halingi ya huku Milwaukee ilianza miaka ya 1990 na ni miongoni mwa kubwa kabisa Amerika Kaskazini. Wengi waliomo hawakuzaliwa Ayalandi, hawajui gongo lashikwa wapi, wanafundishwa kuanzia sifuri, wanawake na wanaume timu moja. Mimi ningemwacha aende.

Mzee wa Bronx:
Kijana kasema. Linganisheni na Buenos Aires. William Bulfin, mhariri wa gazeti la Waayalandi wa kule, aliusukuma mchezo karibu na mwaka 1900, ukashika. Vita vya 1914 vikakata magongo yaliyotoka kwao kwa meli. Wakajaribu mbao za Argentina: nzito, hazipindi. Gongo zuri huchongwa kwenye mti wa ash, sehemu ya chini shina linapokutana na mzizi, ili nyuzi za mbao zifuate mkunjo. Klabu ya Hurling bado ipo kule, ila watu wanacheza raga na mpira wa magongo wa kawaida.

Kwa hiyo dada, usimnunulie gongo la mapambo ya dukani. Kipimo cha zamani: lisimame chini, mpini ufike mfupa wa nyonga. Siku hizi wengi hupenda fupi kidogo, na kwa mtoto fupi ni bora. Waulize klabu kama wana ya kuazima, maana huyu atarefuka kabla msimu haujaisha. Uliza pia ada yao inajumuisha bima au la. Kule hospitali ya dharura ya nchi hii hutaki kufika na swali hilo.

Mama wa Yonkers:
Nimeelewa. Sasa, ibada yetu ya Jumapili inaisha saa saba mchana. Kuna anayejua kama watoto wanafanya mazoezi siku nyingine?